Mtutu Mmoja Haukuwa na Mwanga

Haya alinieleza mdogo wangu mwenyewe, tumbo moja mimi na yeye, mwaka jana tulipokaa siku nne tukipukuchua mahindi ambayo nguruwe pori walishindwa kuyamaliza. Nilimwacha aseme. Mtu anayepukuchua hasemi uongo mwingi, vidole vinamchosha.

Mdogo wangu ni mjane. Anakaa na mama mkwe wake, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, ana nyumba yake hapo hapo ng'ambo ya uwanja. Shamba lao limepakana na msitu. Mwaka juzi nguruwe walikaa shambani kama waliopanga chumba, akaambulia magunia mawili tu. Ndipo akaomba kibali cha bunduki ya marisau, ile ya mitutu miwili inayokunjwa katikati kama kisu cha mfukoni. Akapewa, kwa jina lake. Shemeji akasema mbele ya watu kwamba bunduki si ufagio, heri kibali kingeandikwa jina la mwanamume. Neno hilo mdogo wangu alilimeza, lakini halikushuka.

Aliyemfundisha ni askari wa wanyamapori mstaafu. Watu wanamwita Taratibu, maana hata chai huinywa kama anaisoma. Wiki ya kwanza hakumpa risasi hata moja. Ilikuwa kukunja na kukunjua, kubeba mitutu ikitazama chini, kidole kikae mbali na kifyatulio. Akamwachia sheria mbili. Bunduki isitoke machoni pako ila ikiwa ndani ya kabati la chuma, na ufunguo uwe nao wewe. Halafu, kabla ya kutia risasi, ikunje, inua, chungulia mitutu yote miwili uone mwanga. Kitu kikiziba mtutu, bunduki hupasukia usoni kwa mwenyewe. Mdogo wangu akauliza, kila siku? Akajibiwa, hata kama umechungulia sasa hivi ukaenda kuitikia hodi, ukirudi chungulia.

Wiki ya pili akafyatua. Kitako kilimpiga bega likawa jeusi, siku tatu hawezi kujitwika ndoo. Mama mkwe ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto, akichomoa kwanza kitambaa kwenye mdomo wa birika. Bibi huyo ana vita na nyigu wa udongo, ambao pale kwao hujenga kila penye tundu. Watoto wa jirani husema bibi akikukuta umelala mdomo wazi, umekwisha.

Sasa huyo shemeji. Tangu bunduki iingie nyumbani, maswali hayamwishi. Risasi zimebaki ngapi? Kabati umeliweka chumba gani? Na kila jioni, kabla ya kulala, anapaza sauti kutoka ng'ambo ya uwanja: shemeji, umefunga? Kweli, alikuwa akiulizia mlango hivyo miaka yote tangu kaka yake afariki. Lakini sasa sikio la mdogo wangu lilikuwa limebadilika. Akawa anajiuliza, huyu anataka kujua kama nimefunga, au anataka kujua kama sijafunga?

Asubuhi moja nguruwe wakatokea ukingoni mwa shamba, mama na watoto wake sita. Akaitoa bunduki kabatini, akaenda mbio, risasi mkononi. Alipofika akamkumbuka Taratibu, akaikunja, akachungulia. Mtutu wa kushoto una mwanga. Wa kulia, giza. Nguruwe wakala mbele yake na yeye amesimama tu. Akachokoa kwa kijiti, kikatoka kitambaa cha mistari ya buluu. Alikijua. Ni shati la shemeji, alilolivaa msimu mzima wa palizi.

Hakumwambia mtu. Alikificha kifuani, siku mbili akawa anaitazama mikono ya shemeji kama mtu anayemhesabia mwizi vidole. Shemeji alileta ndizi, akawapa mbuzi. Jioni sauti ikaja, umefunga, na yeye kimya. Alisema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako. Siku ya tatu akamfuata Taratibu, akamwambia anakwenda polisi. Taratibu akasema njia ya kituoni haitahama, kwanza tuulizane.

Wakakaa kibarazani baada ya chakula cha mchana, wote wanne. Taratibu akaweka kitambaa juu ya kigoda. Akaanza na mdogo wangu: bunduki imewahi kutoka machoni pako, nje ya kabati? Akajibu haijawahi, tena kwa kiapo.

Shemeji akainama kutazama. "Mbona hili ni shati langu?"

"Ulitaka inipasukie usoni, shemeji?"

Mama mkwe ndiye aliyenyoosha mkono, akakichukua kitambaa, akakikung'uta.

"Kumbe kiko hapa. Nani amekichomoa? Wataingia."

Bibi akawaeleza kama anaeleza watoto, kwamba juma lile la nguruwe bunduki iliegemezwa hapo hapo kibarazani, imepakwa mafuta, mwenyewe kaenda kuoga. Matundu mawili yanatazama juu, nyigu wanazunguka, angefanyaje? Shati bovu alipewa na mwanawe litumike kwa matambara. Kipande kilitosha tundu moja, la pili alikuwa bado anatafuta.

Taratibu akamtazama mdogo wangu mpaka akainamisha uso. Akamwamuru arudie sheria ya kwanza, akairudia kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akachukua boksi la risasi kwapani, akasema atalirudisha baada ya wiki, na wiki hiyo nguruwe waachwe wale mahindi.

Mdogo wangu alimwomba shemeji radhi pale pale. Shemeji akachukua nyundo, akaenda kugongomea uzio wa upande wa msitu mpaka jua likazama. Chakula alichopelekewa kilirudi na kifuniko chake.

Jioni bibi akaziba birika lake, akawa wa kwanza kulala. Mdogo wangu akafunga kabati, akalala chali, ufunguo mkononi, anasikiliza. Ng'ambo mlango ukafungwa. Taa ikazimwa. Aliniambia, dada, ile sauti iliyokuwa inanichoma, niliingoja kama mvua.

Akasikia kikohozi.

"Shemeji."

"Nipo."

"Umefunga?"

"Nimefunga, shemeji."

"Na kabati?"

"Nalo."

Punde mkoromo wake ukavuka uwanja, mzito, wa mtu aliyegonga misumari mchana kutwa. Mdogo wangu akauhesabu mara kumi au kumi na moja, halafu naye usingizi ukampitia.