Kitenzi Alichokisema Lin

Teodora alikuwa amefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka kumi na minne kabla ya kiwanda cha nyuzi cha Nyakato kumchukua. Ilikuwa mwaka 1996. Serikali ilikuwa imekiuza kiwanda, na mwekezaji alikuwa ameleta mashine kutoka China pamoja na mafundi watatu wa kuzifunga. Mafundi hao hawakujua Kiswahili wala Kiingereza. Teodora akapewa chumba nyuma ya stoo, ubao, na muda wa saa moja kila asubuhi awafundishe Kiingereza.

Aliyeelewa haraka kuliko wenzake ni Lin, mtu wa makamo, mpole, aliyeandika kila neno kwa penseli. Kilichomshinda ni vitenzi. Siku moja alimweleza Teodora kwa vidole na michoro kwamba katika lugha yao kitenzi hakibadiliki. Kwenda ni kwenda, iwe jana iwe kesho. Mtu huongeza tu neno dogo pembeni kuonyesha kwamba jambo limekwisha. Teodora akaona afadhali aache mengine, awafundishe nyakati za vitenzi kwa mwezi mzima. Meneja utumishi, Chenge, akakataa. Alisema hawa hawakuja kufanya mtihani. Wafundishwe majina ya vipuri na amri. Washa, zima, fungua. Teodora akalifuta somo lile kwenye mpango wake wa kazi.

Mwezi Agosti pamba ilikwama kwenye mashine ya kuchambulia. Josephat, fundi wa zamu, aliinama kwenye kimlango cha chini ili aitoe. Lin alikuwa upande wa pili, kwenye swichi. Kwa kelele za ukumbi ule usingeweza kujua kama mashine moja imezimwa, na ngoma yenye meno ilikuwa ndani ya kifuniko, haionekani kama inazunguka. Lin akapaza sauti: "I stop machine."

Josephat, mwenye Kiingereza cha darasa la saba, alisikia kwamba imezimwa. Akaingiza mkono wa kulia.

Hospitali waliukata chini kidogo ya kiwiko.

Siku ya tatu Lin alimfuata Teodora darasani peke yake. Alinyoosha mkono polepole kuelekea swichi ya taa, akausimamisha kabla haujagusa. Teodora akaelewa: alipopaza sauti, ndiyo kwanza alikuwa anataka kuzima. Kisha akaketi, akafunika uso, na siku hiyo hawakusoma.

Kabla ya kamati ya kiwanda kuketi, Chenge alimwita Teodora ofisini. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba kinachotakiwa ni sentensi moja tu ya kitaalamu: kwamba maneno ya Lin hayakusema mashine imezimwa, hivyo aliyekosea ni Josephat. Akamkumbusha kuwa mkataba wake unaisha Desemba.

Teodora alisimama mbele ya kamati.

"Sentensi ile haisemi imezimwa," alisema, "wala haisemi itazimwa. Haina wakati. Nilijua hawajafundishwa nyakati. Niliomba niwafundishe, nikakatazwa, na mimi nikanyamaza."

Chenge akamwambia karani aandike mpaka neno imezimwa, inatosha.

Josephat akaachishwa kazi kwa uzembe. Lin akarudishwa kwao bila kuaga. Teodora naye hakufikishwa Desemba.

Oktoba alivuka ziwa na kivuko hadi Kamanga, akatembea mpaka kijiji alikorudi Josephat. Mkewe, Odeta, alimkaribisha kigoda. Josephat alimwamkia, kisha akauliza jambo moja.

"Mwalimu, yule Mchina alitaka kusema nini hasa?"

"Alitaka kukwambia usubiri."

Josephat alisema kila siku amekuwa akimchukia mtu yule, na sasa hajui amchukie nani. Kisha akasema, "Na wewe ulijua hawajui."

"Nilijua."

Odeta akaleta chai, wakainywa wote watatu.

Alipomaliza, Teodora aliomba ruhusa ya kumwandikia ofisa wa kazi wa serikali, aeleze yote ambayo karani hakuandika. Josephat alifikiri, akasema andika. Zilifika kurasa mbili. Josephat alitia dole gumba la kushoto, kwa kuwa mkono huo uliobaki ulikuwa haujazoea kalamu.

Mvua za mwaka uliofuata ziliisha bila jibu. Teodora alikwenda kuulizia kwa ofisa mara tatu. Mara ya nne Josephat alivuka, wakaenda pamoja. Waliambiwa faili halionekani.