Niki wa Kijitoni

Msimu wa kahawa, mama wa kijiji cha Hasamba ana kazi mbili: kumenya kahawa na kuwaweka watoto mbali na kijito. Tusekile alikuwa na mikono miwili tu, kwa hiyo kazi ya pili alimwachia Niki.

Niki hakuwa wa kwao. Bibi mzaa bibi yake Tusekile aliwapikia wamisionari wa Kijerumani, na hukohuko jikoni akasikia habari za Niki: mzee anayeishi majini, mtanashati, anayewaita watoto kwa sauti ya mama yao ili awazamishe. Utamjua kwa nguo yake, haikauki kamwe. Hadithi ilirithiwa kwenye ukoo kama sufuria, na Tusekile naye akaitia chumvi. Alimwambia mwanawe Jonasi, mwenye miaka saba, kwamba akiitwa karibu na maji asiitike, hata ikiwa sauti ni ya mama na sura ni ya mama. Ajifiche na mdogo wake Erica mpaka aone nguo kavu. Jonasi alikuwa mtoto wa kushika neno. Laiti angekuwa mtukutu kidogo.

Alhamisi moja ya Julai ukungu ulishuka mapema. Saa tisa alasiri Tusekile aliinua macho kutoka kwenye mashine ya kumenya kahawa, watoto hawapo. Akaulizia kwa wifi yake Atuganile, hawapo. Akashika njia ya kijitoni akipasua majani yenye manyunyu, kitenge kikalowa mpaka magotini. Mara mbili alipita penye matete akiwaita kwa sauti tamu ya kubembeleza, maana aliogopa wasije wakadhani wanatafutwa ili wapigwe. Kimya.

Jirani yao Boazi ndiye aliyemtoa Erica majini, chini kidogo ya matete, jua likielekea kuzama. Hakuwa na uhai. Jonasi walimkuta hatua chache kutoka hapo, ameng'ang'ania matete.

Nyumbani Atuganile alimfunga blanketi, akamkalisha karibu na moto. Nje watu walikuwa wanalia. Jonasi hakulia, na hakukubali mama yake amsogelee mpaka mama alipovaa nguo kavu. Hapo ndipo alipoeleza kwamba mbuzi alikata kamba akakimbilia kijitoni, nao wakamfuata.

"Halafu yeye akaja, mama," alisema. "Ana sauti yako, ana kitenge chako, lakini kimelowa. Erica alitaka kuitika. Nikamziba mdomo, nikamvuta nyuma, kwenye maji marefu. Akaniponyoka."

Tusekile alihisi kama anakufa palepale alipochuchumaa. Atuganile alifungua mdomo amwambie mtoto ukweli, kwamba Niki hayupo na hajawahi kuwapo. Tusekile akamtazama kwa jicho kali, wifi akanyamaza. Ukweli ungemwacha Jonasi na kitu ambacho hata mtu mzima asingeweza kukibeba.

"Alikuwa yeye," Tusekile alisema. "Ulifanya vizuri, mwanangu."

Ndipo Jonasi akalia kwa kwikwi, kichwa kifuani kwa mama yake. Baadaye akauliza atamtambuaje siku nyingine, kama Niki atakuja na nguo kavu.

"Ukisikia unaitwa, ujue ni yeye," Tusekile akamjibu. "Mimi sitakuita tena."