Namba Nne Kila Siku

Mimi si mtu wa kumung'unya maneno. Baba yangu, mwalimu mkuu mstaafu, aliyekamata wezi wa mitihani kwa miaka thelathini na minne, alimdanganya daktari. Tena kwa kalamu nyekundu.

Tumbo lake lilikuwa likifunga tangu mwaka jana. Choo mpaka siku ya nne, ya tano, na jasho juu. Daktari wa zahanati yetu, binti asiye na haraka, alimpima, akamuuliza kama anaona damu au anakonda, baba akasema hakuna. Akampa dawa ya unga, pakiti moja kwa siku kwenye glasi nzima ya maji, na karatasi yenye picha saba za choo. Namba moja ni vigololi vikavu, saba ni maji matupu, nne ni choo laini kisichosumbua. Kila siku aandike namba yake, na siku asiyopata choo aandike sufuri.

Mara mbili baba alipeleka karatasi, mara mbili daktari akafurahi. "Dawa imekubali, tuendelee hivihivi." Na mara mbili baba akarudi nyumbani ameshika tumbo.

Sasa, binti yangu alikuwa anahitimu unesi. Babu yake ndiye aliyemfundisha kusoma, kwenye meza yetu ya jikoni. Zikiwa zimebaki siku tisa kabla ya mahafali, babu akatangaza haendi. "Kukaa kitini saa nne nzima na tumbo hili? Mtaniletea picha." Binti yangu alisikia kwenye simu, akaaga haraka. Iliniuma sana.

Nikaenda kusafisha choo cha nyuma, ambacho ni cha baba peke yake, huku nabamiza vitu kwa hasira. Tangi la maji bovu, kwa hiyo maji tunamwaga kwa mkono: kopo moja kwa haja ndogo, ndoo nzima kwa haja kubwa. Ndoo niliijaza mimi Jumapili. Alhamisi hii ilikuwa imejaa vilevile, na vumbi juu. Mlangoni karatasi inasema: nne, nne, nne, nne.

"Baba, ndoo hii haijaguswa."

Akavua miwani, akaifuta taratibu. "Nne ndiyo yenye sifa," akasema. "Sufuri ningempelekeaje binti wa watu?"

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Halafu hasira zikanipanda, nikamwambia avae viatu.

Daktari hakucheka. "Mzee, nimekuachia dozi ndogo kwa sababu ya hizi nne zako. Karatasi hii haikupimi wewe, inaipima dawa yangu. Ukiniandikia nne za uongo, unanifaulisha mimi bila haki."

Hapo baba akainamisha kichwa. Dozi ikaongezwa. Akaambiwa akae chooni kila baada ya chai ya asubuhi, miguu juu ya kigoda, bila kujikamua.

Basi nyumba nzima ikageuka uwanja wa mpira. Binti yangu alipiga simu kila asubuhi, hata salamu hakuna: "Babu kaandika ngapi?" Ijumaa sufuri. Jumapili moja. Jumanne mbili, tukapigiana makofi jikoni kama wendawazimu. Ijumaa ya pili, sufuri tena. Usingizi sikuupata.

Jumamosi yenyewe ya mahafali, suti imepigwa pasi, mume wangu kawasha gari, baba yuko chooni na kigoda chake. Dakika kumi. Kumi na tano. Mume wangu akapiga honi, nikamtolea macho akaacha.

Kisha tukasikia ndoo ikimwagwa. Yote.

Baba akatoka, akanawa, akashika kalamu nyekundu. Akaikagua karatasi, picha kwa picha.

"Ilikaribia nne," akasema. "Lakini ni tatu."

Akaiandika, akapiga mstari chini yake kama kwenye madaftari ya wanafunzi.

"Daktari kafaulu kwa haki," akasema, akichukua koti. "Twende tukamwone na mjukuu wangu akihitimu."