Uboho wa Bilan

Kufikia siku ya tisa wodini, Jelle alikuwa ameshamshuku kila kiumbe wa hospitali ile, kuanzia bawabu hadi paka wa jikoni. Aliyemshuku kuliko wote alikuwa Kanana, daktari kutoka Meru, kwa kosa moja tu: alitabasamu huku akitoa watu damu.

Bilan, bintiye wa miaka kumi na mmoja, aliletwa Garissa na homa ya kwenda na kurudi, viungo vinamuuma, uso umempauka. Wakamtoa damu, wakasema imepungua. Wakamtoa tena, wakasema imepungua zaidi. Sasa wewe uliyesoma, hebu sema: ukichota kisima kila siku halafu ukashangaa maji yanashuka, wa kulaumiwa ni nani? Jelle hakwenda shule, lakini visima alivijua.

"Wanammaliza kidogo kidogo," alimnong'oneza mkewe kwenye simu. "Damu yote hiyo wanaipeleka wapi? Kikulacho ki nguoni mwako."

Basi akawa na dawa yake mwenyewe. Kila alasiri alitoka nje ya mji walikokuwa ngamia wake, akamkamua yule mwekundu, akaificha chupa ya maziwa ndani ya shuka na kuwapita wauguzi akiwa amekunja uso. Mmoja wao aliwahi kuwaambia wazazi wodini kwamba maziwa yachemshwe. Kweli mtu wa bara ni wa bara! Nani asiyejua kuwa ukichemsha maziwa ya ngamia, chuchu zake hukauka? Bilan aliyanywa mabichi, yenye joto lake, mpaka povu likambaki mdomoni, na Jelle akauona uso wake umepata rangi, hata kama haukuwa umepata kitu.

Alasiri ya siku hiyo ya tisa Kanana alikuja na jambo jipya. "Baba Bilan, naomba ruhusa yako. Nataka kuchukua uboho kidogo kwenye mfupa wa nyonga."

"Damu mmemaliza," akasema Jelle, ambaye ulimi wake uligeuza kila p ya Kiswahili kuwa b, "sasa mnataka mfuba?"

"Damu inazaliwa humo, mzee. Zile chembe nyekundu zinazobeba hewa, zile zinazogandisha damu mtu akijikata, na zile nyeupe ambazo ni askari wa mwili. Zote hutoka kwenye uboho, mama yao ni mmoja. Kwa Bilan zote tatu zimepungua, na kipimo cha damu hakijaniambia kwa nini. Lazima niangalie zinakozaliwa."

Jelle alicheka bila furaha. "Daktari, mimi nachinja tangu mtoto. Nabasua mfuba, nakula uboho. Ni mafuta tubu! Damu hakuna, wallahi."

"Wa mnyama mzee ni mafuta. Mwana-mbuzi je? Hujawahi kupasua mfupa wake?"

Jelle akakumbuka. Alikuwa ameupasua, si mara moja. Uboho wa mwana-mbuzi ni mwekundu kama ini. Na miaka ya ukame, mnyama akifa, ni yeye Jelle aliyevunja mguu na kuuchungulia uboho, ukiwa majimaji anajua ni njaa iliyoua. Maisha yake yote alikuwa akiusoma uboho wa waliokwisha kufa. Huyu mwanamke alitaka kuusoma mapema. Ilimkera kwa sababu ilikuwa na akili.

"Fanya," akasema. "Lakini mimi nasimama na yeye."

Alisimama. Bilan alidungwa ganzi, lakini bado alilia, akang'ata upindo wa shuka la babake. Kilichotoka kilitiwa kwenye chupa ndogo, na hakikujaza hata kijiko cha chai. Jelle akaomba kalamu na kuchora kwenye karatasi ya chupa ile chapa ya ngamia wake, mistari miwili na nukta, mtu asije akabadilisha uboho wa mwanawe na wa mtoto mwingine. Kanana akamwacha achore.

Siku ya tano Kanana alirudi, safari hii bila tabasamu, na chupa mkononi. Jelle aliitazama chapa kwanza. Ilikuwa yake.

"Si saratani, tushukuru Mungu. Ni brusela, ugonjwa wa mifugo. Wale askari weupe wanavimeza vijidudu vyake, lakini havifi. Vinaishi ndani ya askari wenyewe, vinabebwa mpaka kwenye uboho. Ndiyo maana kipimo cha kwanza kilivikosa." Akavuta kiti. "Mzee, kuna mnyama wenu aliyeharibu mimba karibuni?"

Yule mwekundu. Alikuwa ameharibu mimba kabla ya mvua, na ili akubali kukamuliwa, Jelle alimchuna yule ndama mfu. Ngozi ile aliishika Bilan, akimnusisha ngamia asubuhi na jioni adhani mwanawe yu hai, huku babake akikamua.

"Na maziwa? Bilan anayanywa mabichi?"

Angeweza kudanganya. Chapa ilikuwa inamtazama. Akaitoa chupa yake ndani ya shuka, ingali na joto, akaiweka kitandani kando ya ile nyingine.

"Kila siku," akasema. "Hata wodini. Ni mimi naleta."

Alingoja atukanwe. Kanana hakumtukana, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Alimwambia tu kwamba dawa zipo, ni za wiki nyingi, na kwamba atapona mradi asinyweshwe tena yale yale yanayomwua.

Bilan aliamka kwa sauti zao. Akaiona chupa, akanyoosha mkono kama kila siku. "Aabo, nipe maziwa yangu."

Jelle aliuona mkono ule mwembamba. Wiki mbili alikuwa amewachunga wezi wa damu ya mwanawe, na mwizi akimpitisha mlangoni yeye mwenyewe. Akaichukua chupa kabla vidole havijaifikia.

"Daktari," akasema, bila kumtazama usoni, "jiko iko wabi? Nataka kuchemsha."