Mbwa Mgeni Katika Ngitili Yangu

"Mama Yakobo, hivi mbwa naye huwa anachoka mpaka apelekwe likizo?"

Jirani yangu Generoza aliniuliza hivyo siku moja akiwa amesimama kwenye ua wangu wa minyaa, ndoo tupu mkononi, akimkodolea macho mbwa wa wazungu aliyelala chali chini ya gari. Nikamjibu kwamba kama mbwa anachoka sijui, ila wenye naye hawapati usingizi wakimwacha nyumbani.

"Mimi mume wangu akisafiri ananiacha mimi na mbwa tulinde mji," akasema. "Hawa wamemchukua mbwa. Sasa kwao analinda nani, mama mkwe?"

Tulicheka mpaka ndoo ikamponyoka. Kicheko kile kilikuwa cha heri, kwa sababu wakati huo watu wengi hapa Mwamanyili walikuwa hawacheki. Walikuwa wanaulizana mjane wa Thomasi kaingiwa na nini hata analaza mbwa wa watu baki kwenye ngitili ya marehemu.

Mimi ni Philomena. Darasa la saba nilimalizia Ipililo, nikaolewa huku, nikazaa, nikazika. Thomasi aliniachia nyumba ya bati, mashamba ya pamba na mpunga, na hiyo ngitili. Ngitili ni eneo la malisho ambalo mwenye nalo huzuia mifugo isiingie tangu mvua zinapoanza, ili majani yasimame yasubiri kiangazi. Hazungushi waya. Anaweka matawi ya miiba pale penye njia, basi, na kila mchungaji akiyaona anageuza ng'ombe wake. Ya kwangu inateremka kutoka nyuma ya nyumba mpaka karibu na ziwa, na miti yake Thomasi hakuruhusu panga liiguse.

Wageni walianza kwa mahangaiko yao wenyewe. Mume na mke walikuja na gari lenye hema juu ya paa, na mbwa ndani. Kwenye hifadhi ya wanyama iliyo jirani nasi mbwa haruhusiwi. Wakatafuta nyumba ya wageni, nako mbwa akakataliwa. Nikawakuta barabarani nikitoka jumuiya, mama wa watu analia, mbwa anamlamba mkono. Nikawaambia kwangu kuna kivuli na maji. Wakakaa. Siku moja mume aliingia hifadhini kuona nyumbu, mke akabaki na mbwa. Kesho yake wakabadilishana. Walipoondoka, mwanangu Yakobo, ambaye yuko Mwanza, akaitangaza ngitili kwenye simu kuwa kambi, akaandika kwamba kwa mama Philomena mbwa anakaribishwa. Basi wakaanza kuja. Wengine na mahema, wengine na zile nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa na gari, zenye kitanda na jiko ndani.

Nasema bila haya kwamba najivunia kambi ile. Choo changu hakinuki. Maji ya kuoga yanachemshwa kwenye pipa, kuni ni za matawi yaliyoanguka yenyewe. Mbwa wana chungu chao cha maji chini ya mti. Na nina sheria: mbwa awe amechanjwa kichaa, awe na kamba, kinyesi chake kizikwe na aliyemleta, na ziwani asiogelee maana mamba hajui likizo. Mgeni akivunja sheria namwambia mara moja. Mara ya pili namsaidia kufunga hema lake.

Mwaka jana kiangazi kilitukaba. Mvua za vuli zilikataa, ngitili za wenzangu zikaliwa zikabaki udongo, na ng'ombe wakaanza kunyanyuliwa kwa mikono asubuhi. Majani yangu yalikuwa bado yamesimama, manjano, yanafika magotini. Mimi ng'ombe sina. Wote walikwenda kwenye mahari za wanangu, nami sijutii, wakwe zangu ni watu.

Ndipo akaja shemeji yangu Bujiku, mdogo wake Thomasi. Alikuja wakati wa sala ya mchana, akangoja nimalize, hilo namsifu. Nikapiga goti nikamwamkia. Akaitikia akiangalia bondeni.

"Shemeji, yale majani unamtunzia nani?"

"Ni ngitili, shemeji."

"Ngitili ya nini? Ngitili ni ya ng'ombe. Wewe una ng'ombe?"

Nikamsogezea kigoda, hakukaa.

"Ngitili isiyo na ng'ombe ni pori," akasema. "Na pori ni la ukoo. Jumamosi nakuja na wazee waone kwa macho yao. Wakikuta mbwa tu humo, naichukua. Kaka yangu hakuacha malisho yawe kitanda cha mbwa."

"Na wageni wangu?"

"Waende kwao. Au mbwa hawana kwao?"

Alipoondoka nilikaa kwenye kizingiti. Uchungu ulikuwepo, lakini zaidi ya uchungu nilikuwa nayarudia maneno yake moja moja, kama mtu anayechambua mchele, kwa sababu ndani yake kulikuwa na ukweli. Ngitili ni ya ng'ombe. Wazee wakiona majani yamesimama na mifugo ya kijiji inakufa, wangempa Bujiku. Hata mimi ningekuwa mzee, ningempa.

Nikaenda kwa Generoza. Nikamkuta anamlisha ng'ombe wake maganda ya viazi kwa mkono.

"Generoza, mbona hukuniomba ukaingiza huyu kwangu?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Mayu, mama yangu, ngitili inaombwa? Mwenye nayo ndiye anayeifungua. Tumekusubiri tangu mwezi wa nane. Tukasema labda amewatunzia wale mbwa."

"Mbwa anakula majani?"

"Mimi nitajuaje? Wamekuja na kitanda, na mwavuli, na sahani. Siwezi kujua wanakula nini."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Kumbe wao walikuwa wananingoja mimi niondoe miiba, na mimi nilikuwa nawangoja waombe. Heshima imetukalisha pande mbili za tawi la miiba, ng'ombe wanakufa.

"Na tunaogopa," akaongeza kwa sauti ya chini. "Lile jeusi lako la sasa. Ng'ombe aliyedhoofu hakimbii. Likimrukia mmoja tu, Bujiku hana haja ya wazee tena."

Lile jeusi lilikuwa mbwa wa Salvatory na Violeth, mtu na mkewe waliokuja na nyumba ya magurudumu kutoka Dodoma. Violeth ni mzaliwa wa Bariadi mjini, amestaafu unesi, na mumewe alikuwa amepasuliwa mgongo, daktari kamwambia apumzike mahali penye hewa. Mbwa wao wanamwita Jemedari. Ana kichwa kama cha ndama, na nyumbani kwao amezoea geti na ukuta. Ng'ombe alikuwa hajawahi kumwona, ila nyama yake.

Niliwaeleza yote, hata maneno ya Bujiku. Violeth akaanza kukusanya vyombo. "Mama, tutaondoka. Hatuwezi kukuponza kwa sababu ya mbwa."

"Kaa chini, mwanangu," nikasema. "Ukiondoka, Bujiku atasema kweli mbwa na ng'ombe hawakai pamoja, na kambi imekufa. Wala sitawanyima majirani majani. Nitawaweka wote. Nipe mbwa wako."

Salvatory akauliza, "Utamfanyaje?"

"Nitamlea upya."

Kwetu mtoto wa mbwa anafundishwa zizini. Anafungwa kando ya ng'ombe, analala kwenye joto la mavi yao, ananyweshwa maziwa yao, mpaka anadhani yeye mwenyewe ni wa kundi. Akishakua anaweza kuondoka na ng'ombe asubuhi na kurudi nao jioni bila kumgusa ndama. Kwa mbwa mzima nilikuwa sijawahi kuona ikifanyika. Nilimwomba Mungu, nikachukua kamba.

Siku ya kwanza nilimfunga kwenye mti mkubwa wa miiba karibu na zizi la Generoza. Alibweka mpaka sauti ikakauka. Ng'ombe walimtazama wakaendelea kutafuna hewa. Generoza akakamua kidogo alichoweza, nikamimina kwenye bakuli, nikachanganya na ugali. Jemedari akanusa, akakataa.

"Si unaona?" Generoza akasema. "Huyu kazoea supu ya hospitali."

"Njaa itamfundisha."

"Njaa ingekuwa mwalimu, Bujiku angekuwa profesa."

Violeth alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajizuia asiende kumkumbatia. Kila akinyanyuka nilimwonyesha kidole, akakaa. Jioni mbwa akalamba bakuli. Kesho yake nilimpaka mavi makavu yaliyosagwa mgongoni na shingoni, ili ng'ombe wasimshtukie na yeye asiwashtukie. Salvatory alisema hajawahi kuona mbwa wake amepungua cheo namna ile. Nikamwambia hajapungua, amepandishwa, sasa ni mchungaji.

Wakati huo nilikwisha kufungua ngitili. Niliondoa tawi la kwanza kwa mkono wangu, kama Thomasi alivyokuwa akifanya, nikaita Jina la Utatu, na matawi mengine wakayaondoa wenye ng'ombe. Sikuchukua kitu kwa mtu. Nilitoa masharti tu: waingie waliodhoofu na ndama, wenye nguvu wabaki nje; wasifike kwenye mahema; mti usikatwe. Akaja Generoza na wa kwake. Wakaja wa mzee Mboje, mkubwa wa ukoo, wameletwa na binti yake Flora, maana mzee mwenyewe alikuwa Bariadi kwa mwanawe na angerudi Ijumaa jioni. Na alfajiri ya Ijumaa akaja Lukresia, mke wa Bujiku, anamburuta mtamba ambaye mifupa yake ungeweza kuihesabu kutoka barabarani.

Akasimama langoni, akaniamkia. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Mumeo, Baba Masele, anajua?"

"Anajua kwamba mtamba wangu anakufa. Nilipewa na mama yangu, si wake." Macho yalimjaa maji. "Amesema nisubiri ataingiza kundi lake lote ngitili ikiwa yake. Mtamba hawezi kusubiri, mayu."

"Ingia," nikasema.

Mchana ule nikamfungua Jemedari. Nilishika kamba, nikatembea naye katikati ya ng'ombe, rozari mkono mwingine. Violeth alifuata nyuma akiwa ameziba mdomo. Mtamba wa Lukresia alikuwa amelala, hawezi kuinuka. Mbwa akasimama. Nikahisi kamba inakaza. Akashusha kichwa, akanusa pua ya mtamba, na mtamba akatoa ulimi wake mrefu akamlamba uso mzima, akitafuta chumvi. Jemedari akapiga chafya, akageuka, akalala palepale mgongo kwa mgongo naye.

Nilimfungua kamba. Hakwenda popote. Salvatory, mtu mzima aliyekatazwa na daktari kuinama, aliinama akamsaidia Lukresia kumpa mtamba maji kwa kikombe cha kahawa.

Jumamosi wakaja. Mzee Mboje mbele, wazee wengine nyuma yake, Bujiku pembeni na fimbo. Nikapiga goti, nikawaamkia kila mmoja kwa cheo chake. Viti vyangu havikutosha, Violeth akatoa vile vya kukunja vya kambi, vyenye kitambaa na mahali pa kuwekea kikombe. Mzee Mboje alikaa kwa tahadhari, akazama, akanyoosha miguu.

"Hii ndiyo likizo yenyewe?" akauliza.

"Bado, baba," Violeth akamjibu. "Subiri chai."

Bujiku hakukaa. "Wazee, hatukuja kunywa chai. Nimesema hapa hakuna ngitili, kuna kambi ya mbwa. Twendeni bondeni mwone."

"Twendeni," nikasema.

Walinyanyuka. Mzee Mboje ilibidi avutwe kutoka kwenye kile kiti, akalalamika kwamba ndiyo kwanza mgongo ulikuwa umekubali. Tukashuka. Ng'ombe walikuwa wametapakaa kwenye majani, vichwa chini, mikia inapunga nzi. Ndama walikuwa kivulini. Upande wa ziwa kulikuwa na ile nyumba ya magurudumu, na nguo za Violeth kwenye kamba. Jemedari alikuwa amelala kati ya ndama wawili. Alipotusikia aliinua kichwa, akatutazama, akakilaza tena.

Mzee Mboje aliwatazama ng'ombe mmoja mmoja. Kisha akaenda kwa ndama mmoja, akamshika sikio, akaiangalia alama yake.

"Huyu ni wangu."

"Ni wako, baba," nikasema. "Aliletwa na Flora ulipokuwa safarini."

"Nilimwacha amelala chini."

"Juzi alisimama."

Mzee akapitisha mkono mgongoni mwa ndama, polepole, mara mbili. Wazee wengine nao walikuwa wameanza kutembea, kila mmoja anatafuta alama anayoijua. Nilisikia mmoja anasema, "Na huyu wa Generoza si alikuwa amekwisha kunolewa kisu?"

"Bujiku," mzee Mboje akaita bila kugeuka. "Ulituambia ngitili isiyo na ng'ombe ni pori. Neno hilo ni la kweli, na mimi nalikubali. Sasa nionyeshe pori."

"Mzee, amewaingiza juzi tu! Ni ujanja wa mwanamke!"

"Ngitili inafunguliwa mwaka mzima?"

"Na yule mbwa? Kesho atawarukia!"

"Kesho tutakuja tena tunywe chai tumwangalie. Leo amelala na mali yangu. Wewe leo uko wapi na mali yako?"

Lukresia alikuwa anatoka ziwani na ndoo kichwani. Hakutuangalia. Aliishusha mbele ya mtamba wake, na mtamba, akiyumba, akapiga magoti ya mbele, akajikaza, akasimama mwenyewe akanywa. Lukresia alimshika shingo. Halafu akamwangalia mumewe, wala si kwa hasira.

"Baba Masele, njoo umwone. Ameinuka."

Bujiku alimwangalia mtamba muda mrefu. Kisha akaweka fimbo begani, akawapita wazee, akapita pale nilipokuwa nimeweka matawi ya miiba kando ya njia, akatoka ngitilini mwangu.