Yupo

Sheria ya kura ya kuungana na nchi jirani ilikuwa na sharti moja: zaidi ya nusu ya majina yote yaliyo kwenye daftari la wapiga kura yaseme ndiyo. Jina lisilopiga kura lilihesabiwa hapana. Ndiyo maana mkuu wa ofisi yetu ya uchaguzi, tuliyemwita Mzee Wino kwa sababu mfuko wa shati lake haukuwahi kuwa safi, aliniambia asubuhi ile nibebe kalamu nyekundu mbili.

"Leo hatubembelezi mtu. Asiyeitikiwa, kata."

Kabla ya kila kura, daftari husomwa kwa sauti ukumbini. Jina likitajwa, mwenyewe au ndugu yake hujibu, "Yupo." Basi. Kwa miaka kumi na tisa, vijana wetu waliopotea kwenye vita vya mpakani, vita na jirani huyu huyu anayetuposa leo, wameitikiwa na mama zao. Hakuna maiti, hakuna cheti, hakuna wa kuwakata.

Kaka yangu ni mmoja wao. Tulimwita Kijiti. Alivuka mpaka na bunduki akiwa na miaka kumi na saba, sauti bado nyembamba kama ya msichana.

Jioni ya kuamkia siku ile mama alinikuta napiga pasi.

"Kesho simwitikii."

"Mama!"

"Usinipandishie sauti. Tukiungana, mpaka unafunguka. Nitapanda basi, nitafute kaburi lake. Nikimwitikia, jina lake ndilo linalonifungia njia."

"Kwa hiyo unamuua ili umzike?"

Alilikunja shati langu, akanikabidhi. "Wewe umesomea maneno. Mimi nimezaa."

Mimi nilikuwa wa hapana, na alijua. Sikutaka nchi yangu iwe mkoa wa watu waliommeza kaka yangu. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Ukumbini watu walikuwa na mizaha yao. Muuza mkaa alipoitwa mumewe, alipaza sauti: "Yupo, amelala! Mkimtaka, njooni na ndoo ya maji!" Tukacheka.

Kisha Mzee Wino akasoma jina la Kijiti.

Mama alikuwa mstari wa mbele, ameukumbatia mkoba, mdomo ameufunga. Jina likasomwa mara ya pili. Nikafungua kalamu. Mara ya tatu.

"Yupo."

Sauti ilitoka nyuma, karibu na mlango. Ya mwanamume, nzito, iliyochoka. Tuligeuka sote. Pale palikuwa na benchi tupu lililopigwa na jua.

"Nani amejibu?" Mzee Wino aliuliza.

Watu wakachungulia nje ya mlango. Hata muuza mkaa.

Mama peke yake hakugeuka. "Imekuwa nzito," alisema polepole. "Sauti yake. Imekuwa nzito."

Mzee Wino alijifuta uso. "Weka alama ya yupo."

Nikaweka. Jina lililofuata lilikuwa la kijana mwingine wa mpakani. Mama yake alifungua mdomo, lakini aliwahiwa na sauti nyingine kutoka kwenye benchi lile lile.

Kura za ndiyo zilipungua thelathini na moja kufikia sharti la sheria. Nchi yangu nimebaki nayo, na mpaka umebaki umefungwa. Mama hajanilaumu. Ila mtu akibisha hodi, hata msoma mita ya maji, huniwahi mlangoni, akasimama na mkono kwenye kitasa, akasikiliza kwanza kama sauti ni nzito.