Nati za Gurudumu la Mbele Kushoto

Wiki ya sita baada ya kumzika mama, kaka yangu alikuja karakana akaniambia niondoe kila kitu nilichowahi kuweka kwenye gari lake. Hakuingia ndani. Alisimama getini akiegemea fimbo, maana goti lilikuwa halijakaa sawa, akasema lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Nikamjibu sawa. Akauliza kama litakuwa tayari kabla ya Jumapili, nikasema nitajitahidi. Tangu msiba tulikuwa tunaongea hivyo, kama watu wawili waliokutana kwenye foleni.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kikao. Shangazi, dada wa marehemu baba, alikuwa ameamua kwamba maneno ya pembeni yametosha. Kaka aje mbele ya familia, aseme kwa kinywa chake kwamba alikimbiza gari huku mama yuko kiti cha nyuma, aombe msamaha, yaishe. Kaka alikubali bila kubisha. Yeye hakumbuki chochote kuanzia kituo cha mafuta hadi alipozinduka hospitalini. Lakini askari waliandika mwendo kasi, na dereva mmoja wa lori alieleza kwamba alilisikia gari likinguruma kama ndege kabla halijaacha barabara na kuingia mtaroni. Kaka aliambiwa hivyo mara nyingi mpaka akaamini. Aliacha kwenda kazini. Binti yake mkubwa, wa miaka kumi na sita, alikuwa hamsalimii.

Mimi sikumlaumu wala sikumtetea. Nilikuwa sina kitu ndani. Nilimzika mama bila chozi, watu wakasema nimejikaza kiume, nikawaacha waseme. Kila alfajiri nilipiga magoti kando ya kitanda kama mama alivyotufundisha, nikasali, na maneno yalitoka yote kwa mpangilio wake, kama ya mtu anayesoma orodha ya vipuri. Chai nilikunywa. Ilikuwa moto, basi.

Karakana yetu haitibu magari yanayoumwa. Tunaletewa gari zima, tunaliongezea ambacho halikuomba. Kaka alinunua lake akiwa na miaka hamsini na mbili: kubwa, jeusi, la kifahari, injini ya silinda nane. Mama alisema wenzake uzee huwapanda magotini, yeye umempanda kichwani. Mimi ndiye niliyelivalisha. Nililiwekea bampa la mbele lenye mdomo wa kaboni, mabawa mapana juu ya matairi, boneti yenye matundu ya hewa, ekzosi ya bomba nne, na mwishoni kabisa, rimu za inchi ishirini na tatu. Fundi wetu wa umeme na kompyuta, tunayemwita Waya, aliiandikia injini programu mpya, ikaongezeka nguvu ya farasi mia moja na ishirini. Siku mama alipolisikia likiwashwa kwa mara ya kwanza, aliuliza limekula nini, na kama kuna dawa.

Nilianza Alhamisi, kutoka juu kwenda chini. Nikavua turubai, nikatoa boneti, nikang'oa bampa lililopasuka. Vipande vya kiwandani vilikuwa stoo, vimefungwa karatasi laini, kwa sababu hatutupi kitu cha mteja. Mikono ilijua kazi yake. Waya alipita akaniuliza kama nimekula, nikamwambia nimekula. Akasema mbona kopo langu la chakula limefungwa tangu asubuhi, au siku hizi nakula kwa macho. Nikacheka, maana ndicho kinachofanywa mtu akitaniwa.

Ijumaa nilifika kwenye magurudumu. Matatu yalikuwa mahali pake. La mbele kushoto halikuwepo. Lililetwa na gari la kuvuta mabovu likiwa limetupwa kwenye buti la gari lenyewe, na kila mtu, pamoja na askari, aliona ni wazi kwamba lilivunjika gari lilipoangukia mtaroni. Mimi sikuwa nimelitazama. Kwa wiki sita nilipita kando ya lile turubai nikienda chooni, na kila mara nilipita upande wa kulia.

Nikalitoa kwenye buti, nikalilaza juu ya meza.

Nyuma ya rimu kubwa namna ile huwa tunafunga spesa, kipande cha alumini kinene kama kitabu, kinachokaa kati ya gari na rimu ili tairi litokeze nje na gari lionekane limetanua kifua. Spesa inashikwa na nati zake tano, na nati hizo zinafichwa na rimu. Ukitaka kuziona lazima uvue gurudumu zima. Spesa ya kaka ilikuwa bado imeng'ang'ania rimu. Ilitoka nayo. Na matundu yake matano, yaliyotakiwa kuwa ya mviringo, yalikuwa yamerefuka kama mayai.

Nikapiga magoti mbele ya gari nikatazama bolti zilizobaki. Bolti ikikatwa na pigo moja, jeraha lake huwa la kijivu na chafu. Hizi zilikuwa zimelika kidogo kidogo, zinang'aa kama kijiko. Hakuna ajali inayofanya hivyo. Hivyo hufanywa na siku kadhaa za nati zinazojifungua moja baada ya nyingine huku gari likienda kazini, sokoni, hospitali, na kurudi. Gurudumu halikutoka kwa sababu gari lilianguka. Gari lilianguka kwa sababu gurudumu lilitoka.

Alumini mpya hujikalisha. Unaikaza leo, ukiendesha kidogo inatulia, nati zinalegea. Ndiyo maana karakana yetu ina sheria moja isiyo na mjadala: baada ya kilomita mia moja gari linarudi, magurudumu yanavuliwa, kila nati inakazwa upya kwa spana ya kipimo. Dada wa mapokezi anaandika kila mteja kwenye daftari lake na kumpigia simu. Mteja asipokuja anampigia tena, asubuhi na jioni, mpaka wateja wamempa jina la Mama Mkwe.

Kaka hakuandikwa. Aliingia kwa geti la nyuma, kwa sababu yeye si mteja, ni kaka. Dada wa mapokezi aliponiuliza amwandike, nilimwambia huyo ni wa nyumbani, achana naye, nitamkazia mwenyewe Jumapili nikienda kwake kula. Jumapili nilikwenda, nikala, nikasinzia kwenye kochi, nikaamka, nikaaga. Alhamisi iliyofuata mama akafa.

Niliketi sakafuni nikisubiri kitu kije. Nilidhani kitakuja kilio, au hofu, au hata kichefuchefu. Hakikuja kitu. Kwenye redio ya jirani walikuwa wanatangaza godoro. Nikanyanyuka nikanawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka viwiko, nikaifunika spesa kwa kitambaa, nikaenda nyumbani, nikaulizwa siku ilikuwaje, nikajibu kwamba ilikuwa nzuri.

Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu ya Waya kurudisha programu ya kiwandani kwenye injini. Kabla ya hapo mashine husoma kwanza hitilafu zote ambazo gari limezihifadhi. Waya alikuwa ameketi kiti cha dereva, kompyuta mapajani, anapiga mluzi. Mluzi ukakatika. Akaniita nije nione.

Ilikuwa mistari michache tu. Kihisi cha gurudumu la mbele kushoto, mawasiliano yamepotea. Tarehe ilikuwa ile ya ajali. Saa ilikuwa ile. Na chini yake gari lilikuwa limejiandikia lenyewe hali yake katika sekunde hiyo: joto la injini, gia, mwendo. Mwendo ulikuwa kilomita hamsini na nane kwa saa, kwenye barabara inayoruhusu themanini.

Nikamkumbuka yule dereva wa lori. Hakusema aliona gari likikimbia. Alisema alilisikia. Ekzosi niliyomfungia kaka ilinguruma kama ndege hata akitoka getini kwenda kununua mkate.

Waya alinitazama, kisha akatazama mezani. Alikuwa ameshafunua kile kitambaa kabla sijafika. Fundi ni fundi. Alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Nikirudisha programu, haya yote yanafutika," alisema. "Ndivyo mashine ilivyo, sikuitengeneza mimi."

"Najua."

"Basi nibonyeze?"

Nilitazama spesa mezani. Akaongea kwa sauti ndogo, kama anayenong'ona kanisani.

"Sikiliza, ndugu yangu. Ukinyamaza, umepoteza mama. Ukisema, umepoteza mama, kaka, na ukoo mzima hadi paka wa shangazi yako. Na mama harudi."

"Kaka naye kapoteza mama."

"Yeye ameshakubali."

"Hiyo ndiyo shida," nikasema. "Chapa kwanza. Halafu ufute."

Mashine ya kuchapia iko mapokezi. Nilisimama mbele yake nikaona karatasi inatoka polepole, na hata hapo sikuweza kusema kwa hakika kwamba nitaitumia. Niliikunja mara nne nikaitia mfukoni. Mchana nikabadilisha bolti zilizokatika, nikafunga rimu za kiwandani, nikakaza kila nati kwa spana ya kipimo, nikaendesha gari hadi nje ya mji na kurudi, nikavua magurudumu, nikakaza tena. Hakuna aliyenituma.

Jumapili alfajiri nilipiga magoti. Nilisema "Ee Mungu," na yale maneno mengine, yaliyokuwa yakija yenyewe kila siku, hayakuja. Nilibaki hapo mpaka miguu ikafa ganzi, kisha nikavaa.

Sebule ya shangazi ilikuwa imepangwa viti vya plastiki ukutani, na makochi yalivikwa vitambaa vyeupe kama anavyoyavika kila akitegemea jambo zito. Tulikuwa watu kumi na wawili. Kaka alikaa karibu na mlango. Mkewe alikaa karibu naye; binti yao alikaa mbali, karibu na dirisha, mkoba wake ameuweka kiti cha pembeni. Shangazi alifungua kwa sala ndefu. Aliomba Mungu atupe mioyo ya kusamehe, na alipofika kwenye jina la mama sauti yake ilikwama, akaivuta kwa nguvu kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Kisha akamwambia kaka asimame.

Kaka alisimama. Fimbo ilimponyoka ikaanguka sakafuni, hakuiokota. Alisema amekuja kusema kwamba yeye ndiye.

"Kaka," nikasema, "kaa chini."

Watu waligeuka. Mdogo haamrishi mkubwa wake mbele ya wazee, na mimi sijawahi kuwa msemaji katika ukoo huu. Mama alikuwa akisema niliachiwa mikono, ulimi akapewa mwingine. Lakini niliongea. Niliwaeleza habari ya spesa, na nati zinazofichwa, na sheria ya kilomita mia moja. Niliwaeleza kuhusu daftari. Nikasema niliulizwa kama kaka aandikwe nikakataa, na nikasema Jumapili ile nilifanya nini badala ya kukaza nati: nilisinzia, kwenye kochi la kaka, na mama ndiye aliyenifunika kanga. Sikutafuta maneno mazuri. Nikatoa ile karatasi nikaisoma kuanzia juu hadi chini, pamoja na joto la injini.

Hakuna aliyepiga kelele. Mjomba alikohoa. Shangazi alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo gari halikuwa linakimbia," alisema.

"Hapana, shangazi. Lilikuwa linapiga kelele tu."

Kaka alitoka nje bila fimbo, akishika ukuta. Nilingoja mtu mwingine amfuate. Hakuna aliyenyanyuka, nikaokota fimbo nikamfuata mimi. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za barazani, ameukunjua mguu mbovu mbele yake. Nilimpa fimbo, akaipokea. Sikuketi.

"Mwendo gani, ulisema?"

"Hamsini na nane."

"Rudia."

"Hamsini na nane, kaka."

Alitazama barabarani. Kulikuwa na mtu anafagia mbele ya duka, na vumbi lilikuwa linamrudia.

"Basi hakuwa anaogopa," alisema. "Kwa mwendo huo tulikuwa tunaongea. Unamjua mama. Alikuwa ananisema kuhusu kitu fulani." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Wiki sita nimekuwa namsikia anaogopa."

Nikataka kumwomba msamaha. Nilifungua kinywa, akaniwahi kwa kuinua mkono.

"Usiseme sasa hivi. Najijua. Kesho nitakuchukia, na sijui mpaka lini. Leo nimechoka. Nipe karatasi."

Nikampa. Alinyanyuka kwa shida, nikamwacha anyanyuke mwenyewe kwa kuwa sikujua kama nina ruhusa ya kumshika, akaingia ndani. Kupitia dirisha nilimwona akipita kati ya viti, akasimama mbele ya binti yake, akampa ile karatasi. Binti aliisoma. Alirudi juu akaisoma tena, akifuata mstari kwa kidole. Kisha akausogeza mkoba wake kutoka kiti cha pembeni ili baba yake akae.

Hapo ndipo kitu kilipoanza kuja. Hakikuwa kilio bado. Lilikuwa jambo dogo, kama maji yanapoanza kusikika kwenye bomba lililokauka muda mrefu, kabla hayajafika. Niliegemea nguzo. Nikasema tena "Ee Mungu," na safari hii nikaongeza neno moja, jina la kaka, nikaishia hapo.

Sikutegemea kuitwa. Niliangalia viatu vyangu vilivyopangwa mlangoni pamoja na vya wengine, nikaanza kupanga nitavivaaje niondoke bila kuonekana. Shangazi akatokea. Macho yake yalikuwa mekundu na kitambaa cha kichwa kilikuwa kimelegea. Alinitazama kuanzia utosini hadi miguuni, kama anavyonitazama tangu nikiwa mtoto wa kuvunja vikombe.

"Unakwenda wapi?" aliuliza. "Ingia ndani. Hatujamaliza na wewe."

Nikaingia.